Mtu wa Braque: amevunjika, au ameonekana mara nyingi?

Swali

Salaam Mwalimu. Mimi ni dereva wa lori, njia yangu ni Malaba hadi Kampala, na nyumbani ni Tororo. Binti yangu yuko S5 na anasoma sanaa. Darasani walipewa fotokopi ya mchoro wa Mfaransa Georges Braque unaoitwa "Mreno", pamoja na swali: eleza hali ya moyo iliyomo katika mchoro huu, na maana yake. Akaandika kwamba mchoro una huzuni kwa sababu mtu amevunjwavunjwa, na maana yake ni vita. Mwalimu wake hakumpa alama wala hakumkosoa, ila aliandika pembeni neno moja tu: "Umejuaje?" Mtoto amekwama. Nami nimeutazama huo mchoro mpakani nikisubiri foleni, naona vigae vya kioo basi. Je, maana ipo kweli, au kila mtu hujisemea lake? Na kusema ukweli mimi siupendi. Ni lazima binti aseme ni mzuri?

Jibu

Ndugu yangu, mpe salamu mwalimu wa binti yako. Neno lile moja aliloandika pembeni lina uzito kuliko swali zima lililokuwa kwenye karatasi. Binti hakukosea kuona huzuni, kwani macho ni yake. Tatizo ni sababu aliyoitoa. Kusema mtu ana huzuni kwa kuwa amevunjwavunjwa ni kusema kwamba kila mchoro wa Kyubizimu, huo mtindo wa Braque na wenzake, una huzuni, maana yote imekatwakatwa hivyo: matunda, chupa, fidla, hata glasi ya bia. Sababu inayofaa kila mahali haielezi chochote mahali pamoja.

Kabla ya mengine, tuseme habari ya fotokopi. "Mreno" ni mchoro wa mtu mwenye gitaa, wa rangi ya mafuta juu ya kitambaa, urefu wake karibu sentimita 117 na upana karibu 81, na uko katika jumba la makumbusho ya sanaa la Basel, Uswisi. Rangi zake ni chache lakini zipo: kahawia, manjano ya udongo, kijivu, weusi kidogo, na weupe uliofifia. Mashine ya fotokopi ya shule huzigeuza zote kijivu, na penye kivuli hupaka weusi mtupu. Nakisia kwamba nusu ya huzuni aliyoiona binti yako ilitoka kwenye wino wa mashine. Atafute picha ya rangi, hata kwenye simu yako, aikuze sehemu moja moja. Ataona kwamba mahali alipodhani pana giza pana mipigo midogo ya brashi iliyopangwa kwa subira, mingi ikilala kwa ubapa, mwanga na kivuli vikipokezana. Aliyepaka vile hakuwa na haraka wala hasira. Huo tayari ni ushahidi wa kwanza kuhusu hali ya moyo, na hautokani na habari za nje bali na mkono wa mchoraji.

Sasa kuvunjika kwenyewe. Kwa mamia ya miaka wachoraji wa Ulaya walimchora mtu kana kwamba mchoraji amesimama mahali pamoja, jicho moja wazi, saa imesimama, na mistari yote ya chumba ikikimbilia nukta moja kule mbali. Mwaka 1907, mwaka mmoja baada ya mchoraji Paul Cézanne kufariki, kulifanyika Paris onyesho kubwa la kazi zake. Vijana wakaona kwamba yule mzee alikuwa ameanza kuutoroka utaratibu huo: meza inaonekana kwa juu, chungu kilicho juu yake kinaonekana kwa ubavu. Braque, aliyezaliwa 1882, alikuwa mmoja wa vijana hao. Mwaka uliofuata alipeleka kwenye onyesho michoro ya nyumba za kijiji cha L'Estaque, na mhakiki Louis Vauxcelles akambeza kwamba anageuza kila kitu kuwa vijisanduku. Jina la Kyubizimu lilizaliwa katika dhihaka hiyo. Kufikia 1911 Braque na rafiki yake Mhispania, Pablo Picasso, walikuwa wakifanya kazi kwa ukaribu kiasi kwamba hata wataalamu hukodoa macho kabla ya kusema upi ni wa nani. Kiangazi cha mwaka huo walikuwa pamoja Céret, mji mdogo wa kusini mwa Ufaransa, na "Mreno" ni wa mwaka huo huo.

Walichokuwa wakikifanya wewe unakijua kuliko unavyodhani. Ukiwa nyuma ya usukani unaona barabara mbele yako, ubavu wa trela kwenye kioo cha kushoto, pikipiki inayotaka kukupita kwenye kioo cha kulia, na ukichungulia dirishani unaona kamba ya turubai iliyolegea. Kila mtazamo una pembe yake, na hakuna hata mmoja unaokuonyesha lori lote. Lakini kichwani unalo lori moja zima, unalijua upana na urefu wake, na hungoji kushuka ndipo ulijue. Hakuna dereva anayesema gari limevunjika kwa kuwa ameliona kwa vipande. Braque anampa mtazamaji mitazamo hiyo yote kwa mpigo, juu ya kitambaa kimoja, bila kumwambia kioo kipi ni kipi. Bega limeonekana kwa mbele na kwa ubavu. Gitaa limeonekana kwa uso, na shingo yake imeonekana kutoka pembeni. Kwa hiyo mtu huyu hajapungukiwa na kitu. Kama kuna kosa, basi amezidi.

Miaka mingi baadaye Braque mwenyewe alieleza kwamba kuvigawa vitu vipande ilikuwa njia ya kuvikaribia. Simaanishi kwamba neno la msanii ni sheria, maana wasanii husema mengi wakishazeeka. Ila hapa maneno yake na mkono wake vinakubaliana.

Rangi ya kahawia nayo imewapoteza wengi. Wanafunzi hufundishwa mapema kwamba nyekundu ni hasira, buluu ni huzuni, manjano ni furaha, kisha wanatembea na orodha hiyo hadi kwenye mchoro kama huu na kuandika "kahawia, kwa hiyo uchovu." Braque na Picasso walipunguza rangi miaka hiyo kwa sababu ya kazi: rangi kali ingevuta jicho na kuliondoa kwenye umbo, na wao walitaka umbo ndilo lizungumze. Hata hivyo, nia ya mchoraji ni jambo moja, na matokeo kwa mtazamaji ni jambo jingine. Iwe alikusudia au hakukusudia, kahawia na kijivu vilivyokaa pamoja bila kupigana hupunguza sauti ya mchoro. Unanyamaza ukiutazama. Binti anaruhusiwa kabisa kuandika hivyo, mradi aandike kwamba ni ukimya, na asirukie msiba.

Basi hali ya moyo inakaa wapi, ikiwa haiko usoni (uso wenyewe hauonekani) wala katika kisa (hakuna kisa)? Hapa ningependa binti atulie, maana ndipo penye utajiri. Atazame kwanza jinsi uzito ulivyogawanywa. Mistari mikuu ya "Mreno" inapanda kutoka pande mbili za chini na kukutana juu, karibu na kichwa, hivyo mwili wote umekaa chini kwa nguvu, pembetatu kubwa yenye kitako kipana. Mchoraji anayetaka kuonyesha mtu anayeanguka au kuraruliwa hajengi hivyo. Kisha atazame katikati na kingo. Katikati vipande ni vingi, vidogo, vimesongamana, na ukielekea kingo vinapanuka, vinalegea, rangi inakuwa nyepesi. Jicho linavutwa ndani, mahali palipo na mikono na gitaa. Unaweza kulipata gitaa kwa kutafuta nyuzi, ile mistari michache iliyonyooka na kwenda sambamba, pamoja na tundu la mviringo. Mviringo ni haba katika mchoro huu, na kwa kuwa ni haba unaonekana.

Atazame pia kingo za vipande. Hii ndiyo alama ambayo ningempa mwanafunzi sifa zaidi akiitaja. Kipande hakijafungwa pande zote: upande mmoja una mstari mweusi mkali, upande wa pili umeachwa wazi na rangi yake inavuja kuingia kipande jirani. Mwili unaingia hewani, hewa inaingia mwilini, na huwezi kusema mtu anaishia hapa na chumba kinaanzia pale. Kioo kilichopasuka hakifanyi hivyo. Kioo kina kingo zinazokata kila upande, ukigusa unaumia. Ukiutazama mchoro kwa dakika kumi badala ya zile sekunde kumi na tano ambazo wengi wetu humpa msanii, unagundua kwamba vipande vyake ni laini, vinapita kimoja ndani ya kingine. Ndiyo maana, nikiulizwa mimi, nasema hali ya moyo hapa ni ya mtu aliyezama katika shughuli yake. Umakini, utulivu, na mtikisiko mdogo usiokoma wa mwanga.

Juu ya utulivu huo zimepigwa herufi. Upande wa juu kulia utasoma BAL, na kabla yake herufi D imebaki peke yake, sehemu ya neno lililokatwa. Chini yake kuna tarakimu 10,40. Zimepakwa kwa stensili, vile vile mafundi wanavyoandika uzito ubavuni mwa malori yenu. Braque aliijua kazi hiyo tangu ujana: baba yake na babu yake walikuwa mafundi wa kupaka rangi na kupamba nyumba, naye akasomea ufundi huo kule Le Havre kabla hajaitwa msanii. Bal kwa Kifaransa ni dansi ya watu, kwa hiyo tunasoma kipande cha tangazo ukutani: leo kuna dansi kubwa. Tarakimu huenda ni bei. Braque alisema herufi zilimvutia kwa sababu ni bapa, haziwezi kupindwa wala kupewa kivuli, na hivyo zinamkumbusha mtazamaji kwamba vingine vyote vimo ndani ya nafasi na hizi zimekaa juu ya uso. Hiyo ni sababu ya kiufundi, na ni ya kweli. Lakini angalia zinavyofanya kwa moyo: mchoro uliokuwa kimya sasa una ukumbi, una usiku wa mjini, una kiingilio. Mtu ameinamia gitaa lake, na kelele za watu ziko ukutani, hazijamfikia. Hapo unapata hisia mbili kwa pamoja, na binti akiweza kuzishika zote mbili bila kuitupa moja atakuwa ameusoma mchoro vizuri.

Sasa maana. Maelezo yaliyozoeleka husema Braque alimkumbuka mwanamuziki Mreno aliyemwona katika baa moja ya Marseille, mji wa bandari. Lakini ipo barua ya Braque mwenyewe kwa Daniel-Henry Kahnweiler, mfanyabiashara aliyekuwa akiuza kazi zake, ambamo anautaja mchoro anaoufanyia kazi: mhamiaji wa Kiitaliano amesimama juu ya meli, nyuma yake bandari. Jumba la Basel huweka majina yote mawili, "Mreno" na "Mhamiaji". Fikiria tofauti hiyo. Ukiambiwa ni baa, herufi zile zinakuwa tangazo la dansi na mtu anakuwa mpiga gitaa wa usiku. Ukiambiwa ni meli, unaanza kutafuta kamba na nguzo za bandari kwenye mistari ya juu, na ukizitafuta utaziona, na yule yule aliyekuwa akituliza wanywaji sasa anapiga gitaa akiiacha nchi yake. Sisi wenye ndugu waliokwenda kyeyo, kutafuta kazi ng'ambo, tunaowasindikiza uwanja wa ndege wa Entebbe na kurudi na gari tupu, tunaweza kuisoma hiyo ya pili kwa urahisi kuliko msomaji wa Basel. Si vibaya kuileta. Ila binti ajue kwamba hapo huzuni inaingia kwa mlango wa jina na barua, haitoki kwenye vipande, na aseme hivyo waziwazi katika jibu lake.

Hiyo inanifikisha kwenye swali lako: je, kila mtu hujisemea lake? Hapana. Msomaji wa baa na msomaji wa meli wote wana kitu cha kushika, wanaweza kubishana na mchoro ukawa hakimu. Msomaji wa vita hana. Mchoro ni wa 1911, na Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilianza 1914. Braque alikwenda vitani kweli, akajeruhiwa vibaya kichwani 1915, lakini huwezi kuurudisha nyuma ule msiba na kuuingiza katika kazi iliyokwisha kukauka. Mtu anaweza kuniambia: wasanii hunusa mambo kabla. Labda. Lakini hisia ya namna hiyo haiwezi kuthibitishwa kwenye kitambaa, na swali la mwalimu linabaki pale pale.

Vita ikitaka kuingia katika mchoro wa Kyubizimu, huacha alama. Mwishoni mwa 1912 Picasso alibandika vipande vya karatasi na kutengeneza gitaa, noti za muziki na glasi, kazi iliyoko sasa San Antonio, Texas. Kipande kimojawapo ni cha gazeti la Le Journal, na kichwa chake kinasomeka: mapigano yameanza. Zilikuwa habari za vita vya Balkani, kusini-mashariki mwa Ulaya, za wiki zile. Gitaa na glasi havina hatia yoyote, meza ni ya starehe, na vita vimekaa hapo mezani kwa herufi nyeusi. Wasomi wamebishana miaka mingi kama Picasso alikusudia tusome au alitaka tu rangi ya gazeti. Mimi nadhani alijua kusoma. Hata anayekataa, hata hivyo, anakataa akiwa na kitu mbele yake cha kukionyesha kwa kidole.

Na akitaka kuona lugha hii ya vipande ikibeba huzuni kweli, amtafute Picasso wa 1937. Tarehe 26 Aprili mwaka huo ndege za Wajerumani na Waitaliano waliomuunga mkono Jenerali Franco katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania ziliupiga mabomu mji wa Guernica, kaskazini mwa nchi hiyo. Picasso akachora "Guernica", turubai lenye urefu wa karibu mita 3.5 na upana wa karibu mita 7.8, ambalo leo liko Madrid. Miezi michache baadaye akachora "Mwanamke Anayelia", mchoro mdogo, wa kubeba kwapani, ulioko London. Weka huyo mwanamke kando ya "Mreno" na hutahitaji mwalimu. Kwake vipande vimefungwa kwa mistari mieusi na vina ncha. Kijani na manjano za shavuni zinagombana. Na katikati, kuanzia macho kushuka hadi mdomoni, rangi imekauka ghafla, imebaki nyeupe na buluu ya barafu, meno yanauma leso, na leso na vidole na machozi vina umbo moja kiasi kwamba huwezi kuvitenganisha. Picasso wa hapo anatumia mitazamo mingi pia, jicho hili la mbele na pua ya ubavu, lakini kila kona imefanywa ikate. Katika "Guernica" ndimi za wanaopiga mayowe ni visu. Kwa hiyo binti anaweza kuulinganisha mchoro wake na huu na kusema: huzuni ya Kyubizimu inafanana hivi, na katika "Mreno" sikuiona.

Wala asidhani rangi za kung'aa zinamwokoa mtu. "Wanamuziki Watatu" wa 1921, wa Picasso huyo huyo, una machungwa, buluu na nyeupe zinazopiga kelele, lakini ukumbi ni wa kahawia iliyofungwa, mbwa amelala gizani chini ya meza, na wapo wataalamu wanaowaona wale watatu kuwa Picasso mwenyewe na rafiki zake wawili washairi, mmoja aliyefariki 1918 na mwingine aliyekwenda kuishi kwenye monasteri mwaka ule ule wa 1921. Huo nauacha. Ni mtamu lakini utamrefushia insha.

Wasomaji wengi wa hapa huniuliza kama Kyubizimu ilitoka kwenye vinyago vya Afrika, nami nitajibu kabla hujauliza. Ndiyo, Picasso alizuru jumba la makumbusho la Trocadéro pale Paris mwaka 1907, akaona vinyago vya Afrika, na vilimtikisa. Wengi wa kundi lake walivinunua. Vilikuwa hasa vya Afrika Magharibi na ya Kati, vilivyofika Ulaya kwa biashara na utawala wa wakoloni. Walichukua kutoka kwao ujasiri wa kulijenga jicho kwa silinda na paji la uso kwa ubapa. Hawakuchukua maana, kwa sababu hawakuijua, na hawakuuliza. Kwa hiyo mwanafunzi asiandike kwamba mchoro wa Kyubizimu una maana ya kinyago fulani. Aandike kwamba umbo lilisafiri bila mwenyewe. Kisha likarudi kwa mlango mwingine: shule ya sanaa ya Makerere, iliyoanzishwa na Margaret Trowell mwaka 1937, ilipochukuliwa na Cecil Todd mwishoni mwa miaka ya 1950, wanafunzi wa Afrika Mashariki wakawekewa mbele historia ya sanaa ya Ulaya, Kyubizimu ikiwamo. Hakuna aliyeilipia ushuru mpakani.

Na hapa nyumbani kuna kazi itakayomsaidia binti kuliko picha yoyote ya kwenye simu. Katika maktaba kuu ya Makerere imesimama sanamu kubwa ya mti ya Francis Nnaggenda, "Mhanga wa Vita", ya miaka ya 1980. Mwili wa mtu umejengwa kwa mabonge na mashimo, umechongwa kwa uhuru ambao Picasso angeuelewa. Lakini huyu viungo vyake vimeondoka kweli. Mwili umekatika, na mchongaji ameiacha ile sehemu iliyokatika ionekane, magogo na nyufa na yote, huku kiwiliwili kikiwa bado kimesimama. Aliyepita miaka ile ya vita Uganda hahitaji kuelezwa. Sasa hapo ndipo binti anaweza kuandika kwamba mtu amevunjwa na maana yake ni vita, na akiulizwa amejuaje ataonyesha kiungo kisichokuwepo. Kwa Nnaggenda kitu kimepungua. Kwa Braque kitu kimeonekana mara nyingi. Kwa mbali kazi mbili hizi zinaweza kuitwa ndugu, lakini hali zao za moyo zinapishana kabisa. Ukipata safari ya kubaki Kampala siku moja, mpeleke, azunguke sanamu hiyo pande zote. Sanamu ina faida hiyo: miguu yako mwenyewe inafanya kazi ambayo Braque alimfanyia mtazamaji.

Pia amwangalie Geoffrey Mukasa, aliyefariki 2009, Mganda aliyesomea uchoraji Lucknow, India. Wanawake wake wamejengwa kwa mabapa ya rangi na mistari minene, na wamejaa joto. Mwanafunzi anayeamini kwamba kugawanya ni kuhuzunisha atapata shida kubwa mbele yao.

Kuhusu kuandika jibu lenyewe, aanze na anachokiona kabla ya anachokihisi, na kila neno la hisia alifunge kwenye kitu kinachoonekana. Sitaki anakili maneno yangu, lakini mwelekeo ungekuwa wa namna hii: "Naona utulivu kuliko huzuni, kwa sababu mwili umejengwa kwa pembetatu yenye kitako kipana na kingo za vipande zimeachwa wazi zikaingiliana. Rangi chache za kahawia na kijivu zinapunguza sauti, ila herufi BAL zinaleta dansi na watu karibu na mpiga gitaa aliyezama katika kazi yake. Ikiwa ni mhamiaji, kama jina la pili linavyosema, utulivu huo unaweza kusomwa kuwa wa mtu anayeondoka." Neno "unaweza" lina kazi hapo. Si woga, ni kipimo cha ushahidi: kwa pembetatu ana hakika, kwa safari ana barua na jina tu. Watahini hutofautisha mwanafunzi anayepima hivyo na yule anayemwaga hisia ukurasa mzima.

La mwisho, kama ni lazima aseme ni mzuri. Si lazima. Swali lilihusu hali ya moyo na maana, halikuomba sifa, na insha nyingi mbovu ninazosoma zimeharibiwa na sentensi ya mwisho inayomwita msanii gwiji asiye na mfano. Akitaka kusema haupendi, aseme, na atoe sababu iliyoko juu ya kitambaa. Kwa mfano, kwamba mtu amefichwa mno kiasi kwamba bila jina tusingejua kama ni mtu, na mchoro unaohitaji barua ili uwe na abiria umemwachia mtazamaji kazi kubwa mno. Hiyo ni hoja, na wapo wahakiki walioitoa tangu enzi zile. Mimi mwenyewe naustahi "Mreno" kuliko ninavyoupenda. Wa Braque ninaoupenda ni "Fidla na Kinara" wa 1910, ulioko San Francisco, kama nusu ya huu kwa urefu, ambamo fidla bado inajulikana ni fidla na kinara bado kinajulikana ni kinara. Mwambie binti autafute huo pia, na kama shule itakubali, aulinganishe na "Mreno" badala ya kuandika juu ya mmoja.